Kamba Iliyonyweshwa Pombe

Katani mpya inanukia nyasi zilizokauka juani, na ndani yake kuna kaharufu ka mafuta ukiivuta sana. Dukani kwetu Kambarage, mjini Shinyanga, ninapouza misumari, rangi, mabati na kamba za kila unene, bando jipya likifunguliwa mimi husogea karibu nikavuta pumzi mpaka bosi wangu anacheka. Husema, "Shija, siku moja utatafuna bidhaa, nikukate mshahara." Nacheka naye. Sijamwambia kwamba nyuma ya harufu ile nzuri huja nyingine, ambayo dukani haipo: katani iliyolowa, iliyochachuka na pombe ya mtama, nzito kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Hiyo inatoka kijijini kwetu. Nikiinusa, hata kama jua linawaka, mgongo wangu unapata baridi.

Nilizaliwa baada ya mapacha. Msukuma akisikia jina langu ameshaelewa. Wengine mjue tu kwamba kaka zangu Kulwa na Doto walikuja duniani wakiwa wawili, mimi nikafuata peke yangu, na tangu hapo upweke sikuuzoea. Kwenye mbio za shule nilikuwa nashindwa kabla ya filimbi. Nikitazama kushoto naona miguu mirefu, nikitazama kulia naona mirefu zaidi, basi magoti yangu yanapiga kura ya kubaki pale pale. Lakini niweke katikati ya wenzangu, bega kwa bega, nasikia pumzi ya mmoja kisogoni na jasho la mwingine mbele ya pua, nakuwa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana mchezo wangu ukawa kuvuta kamba.

Kijiji chetu kiko mbele ya Masumbwe, kwenye vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye chumvi. Karasha zilikuwa zinasaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Ngurumo ile tulinyonya nayo maziwa ya mama, tukawa hatuisikii tena. Tulichosikia ni kimya. Karasha zikinyamaza zote kwa pamoja mchana, akina mama walitoka milangoni, mwingine ana unga mikononi, wakasimama wakitazama upande wa maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Hakuna aliyeuliza kitu. Walisubiri tu kujua ajali imebisha mlango wa nani.

Baba yangu, Baba Kulwa, alikuwa mchimbaji kwenye duara moja pamoja na rafiki yake Masanja na wanaume wengine. Walishuka na kupanda kwa kamba nene ya katani iliyozungushwa kwenye winchi ya mti. Masika moja udongo ulimshukia Masanja huko chini ukamfunika mpaka kifuani. Wenzake wakamfunga ile kamba, wakavuta huku wanalia. Akatoka. Suruali ilibaki chini, viatu vilibaki chini, ila Masanja alitoka akiwa hai, akapepesa macho kama mtoto aliyeamshwa, akauliza kama kuna ugali.

Kuanzia siku hiyo ile haikuwa kamba tena. Waliiita "Mkubwa." Waliipaka unga wa mtama, wakaimwagia pombe kama wanavyomwagia wazee waliotangulia, kisha wakaikunja ingali mbichi wakaifunga ndani ya kiroba, ili baraka isipeperuke na upepo.

Shuleni kwetu mwalimu wa michezo alikuwa Mwalimu Restituta, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliopotea. Alitaka timu ya wasichana ya kuvuta kamba, ila kamba hakuwa nayo. Akaenda kuwaomba wachimbaji. Walibishana sana, maana pale kwetu mwanamke hasogei mdomoni mwa duara, sembuse kushika kamba yake. Masanja ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Hao si wanawake, hao ni watoto. Na mimi ndiye niliyetolewa kaburini, kwa hiyo nina kauli." Ikawa kila Ijumaa mchana, duara likipumzika, Mkubwa analetwa uwanjani ndani ya kiroba chake, amebebwa begani kama bibi harusi.

Shindano la kwanza tulikutana na shule ya jirani. Jamani, wale wasichana walikuwa wameiva! Mmoja alikuwa na mikono kama ya mama wa kukoboa mpunga. Nikasikia magoti yangu yameanza kikao chao. Masanja akapita mbele yetu mmoja mmoja, akitushika viganja na kuvibandika kwenye kamba.

"Mnaogopa nini? Hii haijui kushindwa. Nyie shikeni tu, yenyewe itavuta."

Sijui niwaelezeje. Ile kamba ilikuwa na ubaridi na utelezi kidogo, na nilipoishika nilihisi kama kuna mtu mkubwa amenishika na mimi. Magoti yakatulia. Mbele yangu niliona mabega ya wenzangu yameshuka, hakuna aliyekuwa anatetemeka. Nyuma kabisa alikuwa rafiki yangu Nyanzobe, ambaye ndiye nanga yetu, kajifunga kiunoni, miguu kaichimbia chini. Yeye ndiye alikuwa anatoa mwito: "Kisigino!" Nasi tunajibu, "Chini!" Kila tukijibu, wote tunalala nyuma kwa pamoja. Wale wasichana wa mikono minene walikuja kwetu kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Tulishinda na lililofuata, na lililofuata tena. Kila tukishinda, wanaume wa duara walikuja na kibuyu, wakaikanda kamba kwa pombe na unga, nasi tukacheza kwa kuizunguka. Kisha kirobani. Nilipokuwa nainama kusaidia kuikunja, ile harufu ilikuwa inanipanda puani, na niliipenda. Niliona ndiyo harufu ya ushindi.

Watu wawili hawakuwa na furaha ya namna yetu. Mmoja ni Mwalimu Restituta. "Mnasema mmevutiwa," alikuwa anatufokea. "Mmevuta! Kuna siku mtanielewa." Wa pili alikuwa Nyanzobe. Siku moja tukiwa tunanawa miguu bombani nilimuuliza kama na yeye huwa anasikia Mkubwa akimshika.

"Mimi?" akasema. "Mimi naamini visigino vyangu. Kamba ni kamba, Shija. Hata mbuzi anafungwa."

Tulimcheka mpaka maji yakatumwagikia. Tulimwambia atalaaniwa.

Basi tukaitwa Masumbwe mjini kushindana na shule ya huko. Kufika, wenyeji wakasema kamba ni yao, ya nailoni, ya bluu, na zile za nje haziruhusiwi. Mkubwa akabaki kwenye kiroba chini ya gari. Nilipoishika ile ya bluu ilikuwa kavu, nyepesi, haina harufu yoyote. Nikatazama upande wa pili. Wale wasichana walikuwa wadogo kuliko sisi, nawaambia ukweli, wadogo, mmoja alikuwa bado anapiga miayo ya uji wa asubuhi. Lakini mtu wa mbele yangu aligeuka, nikaona macho yake, naye akaona yangu, na hofu ikapita kwenye mstari mzima kama moto kwenye nyasi kavu. Nyanzobe akaita, "Kisigino!" Wawili watatu ndio waliojibu. Tukaburutwa. Mara ya pili tukaburutwa upesi zaidi. Mwishoni wote tulikuwa tumeachia, amebaki Nyanzobe peke yake amechimba visigino, anavutwa taratibu kwenye udongo, anachora mifereji miwili mirefu na hataki kuachia.

Kwenye gari tulilia. Mikono ilikuwa ile ile, na miguu ile ile. Mtu mzima angejiuliza. Lakini jioni ile, tuliposhuka kijijini na wanaume wakasikia habari, Masanja alipiga makofi kana kwamba tumeshinda.

"Si mmeona? Bila Mkubwa watoto wamekuwa uji!"

Wakamnywesha kamba kibuyu kizima, kumwomba radhi kwa kumwacha chini ya gari.

Haikupita muda mrefu mwenye duara akaja kutoka Kahama na kamba mpya, bado iko kwenye karatasi zake. Wanaume wakamshukuru sana, wabeja, wabeja sana, mzee. Alipoondoka wakaikata vipande wakafungia mbuzi. Walisema hawaijui, haijawahi kumvuta mtu, na huwezi kumpa mgeni roho yako akushikie.

Jioni hiyo mama yangu alikuwa anachagua mchele, Baba ananoa sururu. Mimi nilikuwa katikati yao nachezea makokoto.

"Baba Kulwa," Mama akasema, "hiyo kamba yenu imewahi kuanikwa?"

"Ianikwe ili iweje?"

"Yangu ya kisimani nikiisahau kwenye ndoo, msimu mmoja tu inaachia. Hiyo mnainywesha kama mshenga. Umewahi kuifumua ukaangalia ndani?"

Baba alicheka, lakini sururu iliacha kugusa jiwe. "Kamba iliyomtoa Masanja ndiyo niifumue niichungulie, kama hindi la sokoni? Wenzangu wataona nimeogopa. Na akiogopa mmoja, mikono ya wote inalegea. Muulize Shija yaliyowakuta Masumbwe."

Mama akanigeukia. Nami nikaitikia kwa kichwa, kwa furaha yote, kwa sababu Baba alikuwa amenitaja kwenye maneno ya watu wazima, na kwa sababu nilijua ni kweli. Mama alirudi kwenye mchele wake, akawa anachagua hata palipokwisha kuwa safi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mwalimu Restituta alikuwa ametafuta kamba ya bluu kama ile iliyotushinda, akasema tutaivuta mpaka tuache kuiogopa. Tulikuwa uwanjani, jua halijawa kali, tumeishika wote kwa mstari. Nyanzobe alikuwa amefungua mdomo aite.

Karasha moja ikanyamaza. Kisha nyingine. Kisha zote.

Nilisikia jogoo anawika mbali sana, na mlango wa bati unagongwagongwa na upepo, vitu ambavyo sikuwahi kujua kwamba vina sauti kijijini kwetu. Mwalimu Restituta aliitoa filimbi mdomoni. Alitutazama, akatazama kamba.

"Msiiachie," akasema. "Njooni nayo."

Tukakimbia tukiwa tumeishika, kama tandu mwenye miguu mingi, tukapita katikati ya akina mama waliosimama milangoni. Nilimwona Mama yangu. Alikuwa anakimbia kabla ya mtu yeyote kumwambia ni mlango wa nani.

Pale duarani winchi ilikuwa imesimama, na kwenye winchi kinaning'inia kipande cha Mkubwa. Kwa nje kilikuwa kama siku zote. Palipokatika, ndani, kilikuwa cheusi na laini kama tumbaku ya kutafuna. Na ile harufu, ile niliyoita ya ushindi, ilikuwa imejaa pale kote.

Kutoka shimoni ilikuja sauti ya Baba. Hakuwa ameanguka mpaka mwisho. Alikuwa amedakwa na matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, na mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Alikuwa anaita majina ya wenzake, taratibu, mmoja mmoja. Wenzake walikuwa pale pale juu. Wanaume wale ambao niliwaona wakibeba viroba vya mawe kama mito ya kulalia walikuwa wamesimama mikono imening'inia. Masanja alikuwa amekaa kwenye udongo. "Imekatika," alikuwa anasema. "Ile imekatika."

Mwalimu Restituta alisimama kwenye mstari wa mawe ambao mwanamke havuki, akasema, "Kamba hii hapa. Mteremshieni, mikono yake ni mizima, atajifunga."

Mmoja wao akaitazama ile ya bluu, akarudi nyuma. "Hiyo hapana, Mwalimu. Hiyo ni ya kushindwa. Iliwashinda watoto."

"Ile ya Mkubwa imekatika, hiyo ndiyo itashika?" mwingine akadakia.

Chini matimba yalilia, krrr, kama mlango mzee. Baba akanyamaza kuita.

Nyanzobe ndiye aliyevuka mawe. Sijui alikuwa na umri gani, sote tulikuwa wadogo. Alitembea na ncha ya kamba mpaka kwa Masanja, akainama, akamshika viganja, akavibandika kwenye nailoni kama yeye alivyokuwa anatufanyia sisi.

"Baba Masanja, simama," akasema. "Weka visigino chini. Hicho tu."

Masanja akasimama. Sidhani kama aliamini kitu chochote. Nadhani aliona aibu kukataa mbele ya mtoto. Wengine wakaja nyuma yake. Wakateremsha kamba, Baba akajifunga chini ya makwapa, wakaanza kuvuta, na ilikuwa vurugu, huyu anavuta, yule anapumzika, kamba inaruka na kugonga, na kila ikigonga Baba alikuwa anapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Hapo Mwalimu Restituta akapuliza filimbi, na Nyanzobe akaita.

"Kisigino!"

Sisi wasichana, nyuma ya mawe yetu, tukajibu, "Chini!"

Mara ya tatu na wanaume wakajibu. Niliona migongo yao ikilala kwa pamoja. Ile kamba ya bluu ilinyooka, haikuruka tena, ikawa inakuja, inakuja, na ghafla juu ya udongo pakatokea nywele za Baba yangu, nyeupe kwa vumbi kama za mzee. Mama alivuka mawe. Hakuna aliyemzuia.

Mngetegemea niwaambie kwamba siku hiyo watu walifahamu. Mwalimu alitufundisha, mimi na wenzangu, darasani kabisa: mlishinda kwa kuvuta pamoja, mlivuta pamoja kwa sababu hamkuogopa, na hamkuogopa kwa sababu mlidanganywa kidogo, uongo huo uliisaidia mikono yenu, ila haukuisaidia kamba. Nilielewa nusu. Mwaka uliofuata tulirudi Masumbwe na visigino vyetu tu, na tukashinda, tena kwa jasho.

Lakini maduarani walielewa kivyao. Baba alikaa hospitali, akakaa nyumbani, mguu ukaunga ukiwa mfupi kidogo. Kamba zikawa za nailoni, hilo namshukuru Mungu. Pombe wakaacha kuzimwagia. Imani tu ndiyo haikutaka kulala njaa. Nilimsikia Masanja kilabuni akieleza wageni, na macho yake yanang'aa kama zamani: "Mkubwa alikatika. Baba Kulwa hakukatika! Duara limemtafuna limemtema. Yule hashindwi."

Likawa ndilo neno. Hakuna aliyekubali kushuka kabla ya Baba yangu. Asubuhi walikuja nyumbani kwetu kumchukua, na kabla ya kwenda kila mmoja alimgusa bega, lile la kulia, halafu uso wake ukawa mwepesi. Vijana wageni waliotoka mikoani, waliokuwa wanatetemeka siku ya kwanza, walimgusa wakaacha kutetemeka. Kazi yao ilienda vizuri kuliko maduara yote. Baba akichechemea mbele, wao nyuma, na sisi watoto tukiwasindikiza kwa makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Baba yangu hashindwi! Mama tu ndiye hakupiga. Alikuwa anasimama mlangoni, anatazama bega lile, na mimi nilimwona kama mtu asiyejua kufurahi.

Nimekuwa mkubwa. Nina ndoto zangu, nataka siku moja niwe na timu yangu ya wasichana hapa Shinyanga, na nina uhakika nitaipata, mimi ni mtu wa kutegemea mema. Ila simu ya kutoka nyumbani ikiita mchana, mteja hunisubiri mpaka nisikie kwanza sauti ya Mama ikoje.

Nilipoenda likizo ya mwisho niliamka mapema nikamkuta Baba peke yake jikoni, anakunywa uji. Kikombe kilikuwa kinagonga meno yake. Nikafikiri ni homa.

"Shikamoo Baba. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi."

Nikakaa. Nikamuuliza kitu ambacho tangu utotoni sikuwahi kufikiri kwamba kinaulizwa: kama huwa anaogopa.

Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili mpaka kikatulia. "Kila siku, mwanangu. Tangu siku ile. Nikifika pale mdomoni miguu haiko yangu." Akatazama mlango. "Lakini wale wameweka mikono yao hapa begani. Nikitetemeka mimi, watatetemeka wote, na wakati huo watakuwa chini shimoni."

Nje zikasikika hatua na mtu akakohoa kwa heshima, akatoa salamu ya asubuhi. "Mwangaluka, Baba Kulwa! Tumefika!"

Baba akamaliza uji, akajifuta mdomo, akainuka kwa kushika ukuta. Kisha akafungua mlango na kutoka akicheka kwa sauti kubwa.